Utangulizi: Kazi Inaisha Saa Ngapi?

Karibu katika taaluma ambayo bado haijakubaliana hata juu ya jina lake. Kuna wanaoiita masomo ya ustawi kazini, kuna wanaoiita sosholojia ya muda. Swali lake ni moja: kazi inaisha saa ngapi, na mwenye kuamua ni nani?

Mwaka 1967 mwanahistoria Mwingereza E. P. Thompson alieleza jinsi saa ya kiwandani ilivyowazoesha wafanyakazi kupimwa kwa muda wao, si kwa kazi waliyoimaliza. Huku kwetu, Frederick Cooper alitoa mwaka 1987 kitabu juu ya makuli wa bandari ya Mombasa, vibarua waliojichagulia siku za kwenda gatini na siku za kukaa nyumbani, mpaka serikali ya kikoloni ikaona uhuru huo ni hatari. Anza na hao wawili. Vitabu vya washauri wa makampuni, vinavyotibu uchovu kwa mazoezi ya kupumua, vinaweza kusubiri.

Kisha njoo Ndabibi, magharibi mwa Ziwa Naivasha, jirani ya mashamba ya maua. Mwezi wa Februari, Ulaya inapotaka waridi za Valentine, msimamizi wa grinihausi akishavua gambuti jioni ndipo kundi la WhatsApp linapochangamka. Picha ya jani lenye ukungu. Nani atanyunyiza dawa kesho? Ujumbe wa sauti wa meneja, dakika nzima. Tiki zikigeuka bluu, huwezi tena kusema hukuona. Na bando umejinunulia mwenyewe.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, lakini iliandikwa kabla simu haijawa ofisi. Ufaransa ilianza Januari 2017 kutambua haki ya mfanyakazi kutopatikana baada ya saa za kazi. Mwaka 2022 Seneta Samson Cherargei alipeleka bungeni mswada wa namna hiyo, na shirikisho la waajiri likaupinga. Mimi nauunga mkono, ila una pengo. Kibarua wa msimu hasumbuliwi na simu inayolia usiku. Anasumbuliwa na isiyolia, kwa sababu huitwa kwa simu, na anayeizima hupitwa na zamu. Haki ya kutopatikana itamfaa nini?

Kwa hiyo, ukienda kutafiti, usitosheke na dodoso. Mwombe mtu, kwa ridhaa yake, mpitie pamoja saa zilipoingia jumbe za wiki moja. Uliza pia ni nani aliyekuwa jikoni ujumbe ulipoingia. Mwaka 1989 Arlie Hochschild aliandika juu ya kina mama wa Marekani wanaotoka kazini na kuanza zamu ya pili nyumbani. Mashambani Naivasha wafanyakazi wengi ni wanawake, na zamu hizo mbili sasa zinafanyika kwa wakati mmoja, mwiko mkono huu, simu mkono ule.