Jina la Msanifu: Dorothy Hughes na Kumbukumbu ya Wanawake Wajenzi

Utangulizi

Msafiri atokaye Voi kwenda Taveta hupita Mwatate na Maktau. Afikapo karibu na mji wa Taveta huoneshwa jumba lililo juu ya kilima, maarufu kwa jina la Ngome ya Grogan. Jumba hilo lilijengwa katika miaka ya 1930 na mlowezi Ewart Grogan, aliyemiliki mashamba makubwa ya mkonge katika eneo hilo. Jina lililodumu ni la mwenye mali. Mafundi waliobeba na kupanga mawe hawatajwi. Aidha, jijini Nairobi kuna hospitali ya watoto iliyoanzishwa mwaka wa 1947 kwa kumbukumbu ya Gertrude, mke wa Grogan. Hapo jina la mwanamke limo, lakini kama marehemu anayekumbukwa, si kama mjenzi.

Swali linalozuka ni hili: mwanamke aliyesanifu jengo kwa kichwa na mkono wake hukumbukwa vipi? Makala hii inajibu swali hilo kwa kuangazia maisha ya Dorothy Hughes, mwanamke wa kwanza kufanya kazi ya usanifu majengo nchini Kenya.

Neno na mtu

Kitenzi ‘sanifu’ kina maana ya kubuni au kutunga jambo kwa ustadi. Kutokana nacho tumepata ‘msanifu’ wa majengo, na pia Kiswahili ‘sanifu’, yaani lugha iliyopangwa na kuwekewa kaida. Kwa hiyo, mtunzi wa utenzi na mchoraji wa ramani ya nyumba wanakutana katika neno moja.

Jambo jingine la kuzingatiwa ni kwamba nomino hii, kama zilivyo ‘fundi’ na ‘mjenzi’, haibagui jinsia. Mtu akisema “msanifu amefika”, msikilizaji hawezi kujua kama ni mume au mke. Hata hivyo, wengi wakilisikia neno hilo humwona mwanamume akilini. Upungufu huo si wa sarufi. Ni wa jamii inayoitumia sarufi hiyo.

Maisha na kazi

Dorothy Hughes alizaliwa London mwaka wa 1910 na kuletwa Kenya akiwa mtoto. Alirejea London kusomea usanifu majengo, kisha akaifanya kazi hiyo Nairobi wakati ambapo hapakuwa na mwanamke mwingine aliyeifanya katika Afrika Mashariki. Kampuni aliyoianzisha iliitwa Hughes na Polkinghorne. Ajabu ni kwamba hata jina hilo halikumdhihirisha kuwa mwanamke, kwa kuwa ‘Hughes’ ni jina la mumewe.

Kazi yake mashuhuri ni Kanisa Kuu la Familia Takatifu, lililo katikati ya Nairobi, si mbali na Bunge. Lilijengwa kati ya mwaka wa 1960 na 1963 mahali palipokuwa na kanisa dogo la mwanzoni mwa karne ya 20. Ni jengo la zege, refu na lenye nafasi ya maelfu ya waumini. Mwaka wa 1982 lilipewa hadhi ya basilika. Wengi huingia humo kusali au kuwaaga viongozi waliofariki. Ni wachache wanaojua kwamba liliwazwa na mwanamke.

Hughes hakuishia katika ramani. Mwaka wa 1956 alichaguliwa kuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria akiwakilisha Uasin Gishu. Vilevile alikuwa mwasisi wa Baraza la Huduma za Jamii la Kenya na wa chama cha michezo ya watu wenye ulemavu. Alifariki mwaka wa 1987.

Mlango uliofunguliwa nusu

Sifa hizi zisitufumbe macho. Hughes alichaguliwa na wapigakura wa Kizungu, katika mfumo uliowatenga watu kwa rangi. Waafrika walichagua wajumbe wao wa kwanza mwaka wa 1957, wanane tu kwa nchi nzima. Pwani yote, Taita ikiwemo, iliwakilishwa na Ronald Ngala peke yake. Msichana wa Wundanyi wa wakati huo, hata angekuwa na kipaji kikubwa kiasi gani, hakuwa na njia ya kufika chuo cha London. Hughes aliuvuka ukuta wa jinsia, lakini ukuta wa rangi ulimkinga badala ya kumzuia.

Chama cha Wasanifu Majengo cha Kenya kiliundwa mwaka wa 1967. Iliwachukua wanachama miaka 50 kumchagua mwanamke kuwa rais wao, naye ni Emma Miloyo, aliyeshika wadhifa huo mwaka wa 2017. Miloyo alisomea taaluma hiyo papa hapa nchini, katika Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta. Hicho ni kipimo cha hatua iliyopigwa, na pia cha ucheleweshaji wake.

Hitimisho

Mwana Kupona binti Mshamu, katika utenzi wake wa karne ya 19, alilitaja jina lake mwenyewe ndani ya beti. Kila aunukuuye utenzi huo hulinukuu na jina. Msanifu wa jengo hana ubeti wa kujitaja, ukuta hausemi. Hutegemea wengine wamsemee.

Kazi hiyo ni ya wanafunzi wa Kiswahili pia. Katika vilima vya Taita na tambarare za Taveta wangali wapo wazee wanaokumbuka ujenzi wa nyumba za kienyeji. Waulizwe: nani alichagua mahali pa kujenga? Nani alikata nyasi, nani alikanda udongo, na kila sehemu ya nyumba iliitwaje kwa Kidawida na Kitaveta? Majibu yakiandikwa pamoja na majina ya waliojenga, huenda ikabainika kwamba Hughes alikuwa wa kwanza kuwa na ofisi na cheti, wala si mwanamke wa kwanza kusanifu makazi ya watu. Mali bila daftari hupotea bila habari.