CHAKULA CHA SIKU YA WAZAZI

Kila mwaka tarehe 1 ya mwezi wa nane sisi watu wa Kongo tunashika Siku ya Wazazi. Asubuhi watu wengi wanakwenda makaburini kung'oa majani na kuwakumbuka waliotutangulia. Mchana jamaa wanakusanyika kwa wazazi walio hai. Watoto waliooa mbali wanafika na kuku na mchele. Wajukuu wanajuana. Nyanya anaketi katikati, naye anafurahi.

Mungu hakukataza furaha hii. Soma Nehemia 8:10. Pale watu wa Mungu wanafundishwa kufanya karamu kwa moyo mweupe, na kutowasahau wasio na kitu. Lakini haifai karamu ya leo iwe kilio cha kesho. Basi sikiliza mafundisho haya.

Chungu kilichongoja

Mama anaamka saa kumi za usiku. Anapika mchele, sombe na nyama. Anafunika vyungu, kisha wote wanakwenda makaburini. Wanarudi saa nane za mchana, wana njaa, wanakula. Usiku watoto wanatapika na kuhara. Wengine wanasema, "Kuna mtu aliyetuloga." Sivyo! Hakuna adui aliyeingia nyumbani. Chakula kilikaa vuguvugu muda mrefu, na vidudu vya ugonjwa vinapenda vuguvugu. Vinazaana upesi, wala huvioni kwa macho, wala chakula hakinuki.

Tena ujue neno hili: vidudu vingine vinaacha sumu ndani ya chakula, na sumu hiyo haiondoki hata ukichemsha tena. Kwa hiyo usitumaini moto wa pili peke yake. Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili bila moto wala barafu. Afadhali wawili wabaki nyumbani wapike wakati wengine wako makaburini. Mwaka ujao wabaki wengine.

Mikono

Umeshika udongo wa kaburi, umeshika mikono ya jamaa wengi. Sasa unataka kumega bugali. Nawa kwanza! Lakini msinawe wote katika beseni moja, kwa maana yule wa mwisho ananawa uchafu wa wote. Kijana mmoja ashike birika na kumwagia kila mtu maji, na sabuni iwepo. Kama sabuni haipo, majivu safi yanafaa. Mpishi anawe kabla ya kupika, na kila mara atokapo chooni.

Haraka ya wageni

Wageni wakiwa wengi, unga unapunguka. Mama anaona haya, anatoa mihogo michungu majini baada ya siku moja tu, anaianika na kuitwanga. Hilo ni jambo la hatari. Mihogo michungu ina sumu. Sumu hiyo inatoka kwa kulowekwa siku tatu au zaidi, mpaka mihogo imelainika kabisa, kisha kukaushwa vizuri juani. Watu wanaokula mara nyingi mihogo isiyolowekwa vizuri, na hawapati nyama, samaki wala maharagi, wanaweza kushikwa na konzo. Miguu inakakamaa ghafula, nayo haiponi tena. Ugonjwa huu umewapata watoto na mama wengi katika nchi yetu. Basi anza kuloweka mapema. Kama unga hautoshi, pika viazi au ndizi. Si haya hata kidogo.

Nani anapewa nyama?

Sasa tuangalie sahani. Baba na wageni wanapewa mapaja ya kuku. Watoto wanapewa bugali na mchuzi. Yule mtoto mdogo aliyeachishwa ziwa kwa sababu mama amezaa mwingine, yeye anaketi nyuma ya wakubwa. Hawezi kushindana nao. Mwangalie vizuri: miguu imevimba, nywele zimekuwa nyekundu, hachezi, hacheki. Huo ni ugonjwa wa bwaki, unaoitwa pia kwashiorkor. Mtoto huyu anaweza kufa katika nyumba yenye karamu.

Baba, wewe ndiwe wa kuanza. Toa kipande cha nyama katika sahani yako, kikatekate, umpe. Mama mwenye mimba naye ale mayai na kuku. Mayai hayamdhuru mtoto tumboni. Na baada ya siku kuu, kila siku mtoto apate maharagi, karanga za kutwanga, au ndakala pamoja na bugali. Lakini yule ambaye miguu imekwisha kuvimba, mlete hospitali upesi.

Kula mjini

Jamaa wengine wana feza kidogo, nao wanawapeleka wazazi kula katika nyumba ya chakula mjini, ili mama apumzike siku moja. Ni heshima nzuri. Lakini kabla ya kuketi, tazama. Je, kuna maji na sabuni ya kunawa? Je, chakula kinatoka motoni kikitoa moshi? Je, nzi wanakaa juu ya nyama? Nyama ya nguruwe ikiwa nyekundu ndani, irudishe motoni. Inaweza kuleta tegu, na mayai ya tegu hiyo yakimwingia mtu, yanaweza kuleta kifafa.

Tena wakumbuke wazee. Mzee mwenye ugonjwa wa sukari asinywe chupa za vinywaji vitamu. Maji safi yanamtosha. Mwenye shinikizo la damu asile makayabo yenye chumvi nyingi. Nyumbani makayabo yalowekwe, na maji yabadilishwe mara kadhaa.

Mtu akianza kuhara

Usingoje kesho. Chukua litre moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa. Tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, bila kulundika. Mpe kidogo kidogo, mara kwa mara. Mtoto anyonyaye aendelee kunyonya. Kama anahara maji matupu kama maji ya mchele, au macho yameingia ndani, au kuna damu, mlete hospitali usiku huo huo. Kipindupindu kinaweza kuua katika saa chache. Mwezi wa saba 1994, katika kambi karibu na Goma, kipindupindu na kuhara damu viliua makumi ya maelfu ya watu.

Wapendwa, kumheshimu mzazi si kuchinja mbuzi tu. Ni pia kumlinda, yeye na wajukuu wake, ili mwaka ujao mkutane tena wote, pasipo kaburi jipya la kupalilia.

Maulizo

1. Kwa nini chakula cha alfajiri kinaweza kuleta ugonjwa mchana?
2. Mihogo michungu ilowekwe siku ngapi?
3. Katika nyumba yako, ni mtoto gani anayeketi nyuma ya wakubwa?