Ramani Iliyomo Ndani ya Mbaazi

Ukipita mashambani Matiliku, kaunti ya Makueni, mwezi wa Julai, mahindi yamekwisha kuvunwa kitambo lakini mbaazi bado zimesimama. Wenyeji huziita nzuu. Zilipandwa pamoja na mahindi mvua za vuli zilipoanza, kisha mizizi yake ikashuka kutafuta maji ambayo mahindi hayayafikii. Katikati ya mistari hiyo ya kijani huenda ukakuta mti mmoja umekauka na maganda yake machanga. Upasue shina kwa kisu: chini ya gamba kuna michirizi ya kahawia, karibu nyeusi, inayopanda kutoka mzizini. Huo ni mnyauko wa Fusarium udum, kuvu anayeishi udongoni. Mti wa pembeni, uliopandwa siku ile ile katika udongo ule ule, haujaguswa.

Tofauti kati ya miti hiyo miwili huweza kuwa imeandikwa ndani ya seli zake. Mbaazi ina jozi 11 za kromosomu, na jenomu yake, yaani maandishi yote ya urithi yaliyo katika DNA, ina herufi zipatazo milioni 833. Utaanzia wapi kutafuta?

Chukua kamba mbili za mkonge, kama zile zinazosokotwa Ukambani kwa ajili ya viondo, ziwe mfano wa jozi moja ya kromosomu. Moja imetoka kwa mama, nyingine kwa baba, na kila moja ina mabaka ya rangi zake. Kabla ya kutengeneza chavua au yai, mmea huzilaza ubavu kwa ubavu, huzikata mahali pamoja, kisha huunga kipande cha hii na kipande cha ile. Mabaka yaliyo mbali hutenganishwa mara nyingi. Yaliyo karibu husafiri pamoja kizazi hata kizazi. Basi hesabu watoto: mabaka mawili yakitengana katika mtoto 1 kati ya 100, umbali wake huitwa sentimogani moja. Aliyeligundua hili ni Alfred Sturtevant, aliyekuwa bado mwanafunzi wa Thomas Hunt Morgan huko New York. Mwaka 1913 alichapisha ramani ya kwanza ya aina hii, yenye sifa sita za nzi wa matunda. Hakuwa ameiona DNA hata kidogo. Alihesabu nzi tu. Kwangu mimi, hiyo ni miongoni mwa hesabu nzuri kuliko zote katika elimu ya viumbe.

Ila ramani hiyo hupima njia kama msafiri anayehesabu saa badala ya kilomita. Zipo sehemu za kromosomu ambako kamba hukatwa kwa nadra, kwa hiyo herufi nyingi mno huonekana kama hatua moja. Ndiyo maana inahitajika ramani ya pili, inayopima kwa herufi zenyewe. DNA hukatwa vipande virefu, kila kimoja herufi laki moja au zaidi, hupandikizwa ndani ya bakteria ili vizaliane, halafu ncha mbili za kila kipande husomwa. Ncha ya kwanza ikionekana katika sehemu moja ya maandishi na ya pili katika sehemu nyingine, inajulikana kuwa sehemu hizo ni majirani, na nafasi iliyo katikati hukadiriwa.

Taasisi ya ICRISAT, yenye makao yake nchini India, iliziunganisha njia hizo mbili pamoja na mashine za kisasa za kusoma DNA. Mwishoni mwa 2011 kundi lililoongozwa na Rajeev Varshney lilitangaza jenomu ya mbaazi ya aina ya Asha: herufi milioni 605 zilizopangwa, karibu asilimia 73 ya jenomu nzima, na jeni zinazokadiriwa kuwa 48,680.

Faida ya ramani hizi kwa mbaazi ni kubwa kuliko kwa maharage, kwa kuwa mbaazi zetu za muda mrefu huchukua sehemu kubwa ya mwaka kukomaa. Tena nyuki huhamisha chavua kutoka shamba hadi shamba, na mbegu nzuri huchanganyika bila mwenyewe kujua. Alama ya DNA iliyo jirani na jeni ya kuhimili mnyauko hufanya kazi ya bendera: jani la mche mdogo hupimwa maabara, na mche usiofaa hung'olewa kabla haujala msimu mzima.

Lakini bendera hiyo lazima kwanza ifungwe kwenye sifa yenyewe, na hapo maabara pekee haitoshi. Miche ya mama mmoja na baba mmoja hupandwa katika shamba ambalo udongo wake umejaa kuvu kwa makusudi. Mtu hupita mstari kwa mstari na daftari, akiandika mti upi umenyauka na upi umesimama, na jani changa lililochumwa kutoka kila mti hutiwa katika mfuko wenye namba ile ile.