Gharama ya Shimo Ihesabiwe Kabla ya Kuchimba

Ujenzi wa barabara na nyumba umeleta riziki Kitale na Bungoma, lakini kila lori la maramu, kokoto au udongo wa matofali huacha shimo nyuma yake. Mnunuzi hulipia mzigo, mwenye shamba hupata malipo yake, nalo shimo hubaki likituamisha maji na kumega kingo hadi kwenye mahindi ya jirani. Kulirudishia shimo hilo uoto huonekana kuwa hisani ya wapenda mazingira. Ukweli ni kwamba hiyo ni kazi ya biashara kama nyingine, na magharibi mwa Kenya mahitaji yake karibu yote yapo. Kinachokosekana ni fedha zilizotengwa mapema za kuilipia.

Tuanze na pembejeo. Kampuni ya Kenya Seed, iliyoanzishwa mwaka 1956 na yenye makao yake Kitale, inajulikana zaidi kwa mahindi, lakini huuza pia mbegu za nyasi za malisho kama Rhodes. Shirika la Vi Agroforestry, lililoanza kazi Pokot Magharibi mwaka 1983, limewazoesha wakulima wa eneo hili miti inayorutubisha udongo, kama kaliandra na sesbania. Ujuzi wenyewe una mpangilio: udongo wa juu huondolewa kwanza na kutunzwa kando, kingo hulazwa zisibaki wima, udongo hurudishwa, nyasi hupandwa mvua za masika zinapoanza, kisha miti hufuata. Udongo ule ukishauzwa au kufukiwa chini ya kifusi, gharama hupanda mara moja, kwa sababu mwingine itabidi usombwe kutoka mbali. Ndiyo maana urejeshaji wa bei nafuu ni ule unaopangwa kabla ya kuchimba.

Ushahidi mkubwa uko pwani. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kazi mwaka 1954 na kuacha machimbo ya matumbawe yaliyo matupu kabisa. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kiwanda hicho, alijaribu humo aina 26 za miti. Tatu tu ndizo zilizostahimili, ukiwemo mvinje, ambao hujitengenezea naitrojeni kwa msaada wa bakteria wa mizizini. Majani yake yalipokuwa hayaozi, waliletwa jongoo wa kuyasaga, na mboji ikaanza kujengeka. Leo mahali hapo ni Haller Park, panapopokea watalii wanaolipa kiingilio.

Kuna watakaosema kwamba Bamburi ilikuwa na kiwanda kizima nyuma yake, ilhali mfyatua matofali wa Bungoma ana jembe na kalibu tu. Ni kweli, na kumdai yeye mpango wa kitaalamu ni kumfukuza kazini. Lakini Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inatambua dhamana ya mazingira, na kaunti tayari hutoza ushuru malori ya mchanga na mawe. Mchimbaji mkubwa na aweke dhamana. Kwa mdogo, sehemu ya ushuru huo iingie katika mfuko wa kulipa vikundi vya vijana na wenye vitalu vya miche. Wengine watasema mikaratusi inatosha, kwa kuwa nguzo zake zina soko. Soko lipo, lakini mkaratusi hunywa maji mengi na chini yake nyasi hukua kwa shida, hivyo kingo hubaki bila cha kuzishika. Nafasi yake ni baada ya nyasi na mikunde. Na kwa wanaohofia bei ya tofali kupanda, gharama hii inalipwa tangu zamani: anailipa jirani kwa shamba lake, na Mto Nzoia kwa tope.

Serikali za kaunti za Trans Nzoia na Bungoma zisitoe kibali chochote cha kuchimba pasipo kuonyeshwa mahali udongo wa juu utakapotunzwa na nani atakayelipia upanzi. Mbegu ziko Kitale, na vijana wa kuzipanda wako. Kazi ipewe fedha zake.