Mastaa wa Eritrea waliosepa Kampala, wakapewa nyumba Uholanzi

MASHABIKI wa Singida Black Stars hawajaisahau Septemba 2025. Clatous Chama alitupia mawili, Al Hilal ya Sudan ikalala 2-1, Kombe la Kagame likaenda Singida.

Ila michuano ya Cecafa ina stori nyingine isiyopigwa sana vijiweni pale mjini. Kuna wachezaji waliokuja huku hesabu zao haziko kwenye kombe.

Julai 2011, Kagame ilipochezwa Dar es Salaam, wachezaji 13 wa Red Sea ya Eritrea waligoma kurudi kwao na kuomba hifadhi. Mwaka uliofuata, kwenye Chalenji ya Kampala, wachezaji 17 wa timu ya taifa walisepa hotelini. Hata daktari wa timu naye akasepa nao! Kwao kijana anaingizwa jeshini bila kujua atatoka lini.

Uganda iliwapokea. Baadaye Uholanzi ikawachukua na kuwapa makazi Gorinchem, mji mdogo mashariki mwa Rotterdam.

Anayechukuliwa kwa mpango wa Umoja wa Mataifa, kama wao, anatua kule akiwa ameshakubaliwa. Halmashauri ya mji ndiyo inayomtafutia nyumba. Watu wa kujitolea wa shirika la VluchtelingenWerk wanamshika mkono kwenye mambo ya benki, bima na shule.

Kisha darasani. Kwa sheria ya wakati ule, mkimbizi alipewa miaka mitatu kufaulu mtihani wa Kiholanzi na maisha ya nchi. Ada alikopeshwa na serikali, hadi euro 10,000, na akifaulu ndani ya muda deni linafutwa. Akizembea, analipa.

Asiyealikwa anakutana na mziki mwingine. Anaanzia kituo cha Ter Apel, kaskazini, kusubiri kusikilizwa. Agosti 2022 kituo kilifurika, mamia ya watu wakalala nje kwenye nyasi, mpaka Madaktari Wasio na Mipaka wakaingia kutoa huduma. Huko ni Uholanzi, siyo kambi ya Kigoma.

Na mpira? Hapo ndipo panapouma. Mchezaji akishakaa miezi kibao Uganda akisubiri, kisha miaka ya darasani, miguu haimngojei. Hakuna kati yao aliyeibuka Eredivisie. Klabu za ridhaa zipo karibu kila mji kule na milango iko wazi, lakini ni mpira wa jioni baada ya kazi. Walipata nyumba, jezi ya taifa ikabaki Kampala.

Eritrea nayo ikaona isiwe tabu. Mwishoni mwa 2023 ilijitoa kufuzu Kombe la Dunia 2026, ikielezwa ni hofu ya wachezaji kutorudi. Ilikuwa Kundi E, pamoja na Taifa Stars. Kundi likabaki na timu tano, na zile pointi sita ambazo mashabiki wengi walishazipigia hesabu zikayeyuka.