Kwa Nini Uchaguzi Unakula Pesa Nyingi Hivi?

Mkikutana kumchagua mweka hazina wa kikundi, gharama ni chai tu. Mnainua mikono, mnahesabu, mnaenda nyumbani. Mbona basi kuchagua serikali kunameza mabilioni?

Uchaguzi wa Agosti 2022 ulitengewa zaidi ya shilingi bilioni 40. Sehemu kubwa ilitoka Hazina Kuu, na Hazina hujazwa na kodi, ikiwemo ile unayolipa ukinunua sabuni na mafuta ya taa. Ni mfuko huo huo unaotegemewa na shule na zahanati.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mwaka 2013 walioandikishwa walikuwa zaidi ya milioni 14. Kufikia 2022 walikuwa milioni 22.1. Na chini ya Katiba ya 2010 kila mmoja hupewa karatasi sita: ya Rais, Gavana, Seneta, Mbunge, Mwakilishi wa Wanawake na Mwakilishi wa Wadi. Hizo ni zaidi ya karatasi milioni 132, na za 2022 zilichapishwa Ugiriki. Kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700, kwa hivyo vilihitajika vituo zaidi ya 46,000, kila kimoja na msimamizi wake, naibu, makarani, askari na mashine ya alama za vidole. Vijana wetu wengi walipata kibarua hapo, lakini ni cha siku chache.

Kinachopandisha bei zaidi ni kutoaminiana. Baada ya uchaguzi wa 2007, Tume ya Jaji Kriegler ilikuta rejista ina majina kama milioni 1.2 ya watu waliokwisha kufa. Ndiyo maana zikanunuliwa mashine. Halafu Mahakama ya Juu ilipofuta uchaguzi wa Rais tarehe 1 Septemba 2017, nchi ikarudi kwa debe 26 Oktoba, na pesa nyingine zikatafutwa.

Wako wanaosema ati turudie njia rahisi. Wazee wanaukumbuka mlolongo wa 1988. Ule ulikuwa wa bei nafuu kweli! Watu walijipanga nyuma ya mgombea wa KANU, na aliyetangazwa kupata asilimia 70 hakwenda hata kwa kura ya siri. Kuna mahali watu waliona kwa macho yao foleni ndefu ikishindwa na fupi. Unafuu wa namna hiyo hatuutaki.

Pa kubana ni kwingine. Uchaguzi huja Agosti, na mwaka wa fedha wa serikali huanza 1 Julai. Pesa zikichelewa, Tume ya Uchaguzi (IEBC) inanunua vitu mbio mbio, na mwenye haraka hulanguliwa. Hilo kila mama wa sokoni analijua. Kifungu cha 249 cha Katiba kinataka Bunge liipe Tume pesa za kutosha. Afadhali zigawanywe kwa miaka yote mitano, vile kikundi huweka pesa za mazishi kabla mtu hajafa.

Nanyi mna nafasi ya kusema. Makadirio ya bajeti hufika Bunge la Taifa kufikia 30 Aprili kila mwaka, na kifungu cha 221 kinaitaka kamati ya Bunge isikilize maoni ya wananchi. Uchaguzi mkuu umewekwa 10 Agosti 2027. Katibu wenu aandike barua na kuuliza: mashine zilizotumika 2022 ziko wapi, ngapi bado zinafanya kazi, na kama mpya zinahitajika, zitaagizwa lini?