Je, Wajua? Bomba la Kisarawe Linaanzia Uluguru
Anayefungua bomba Kisarawe mjini anakinga maji ya milima ya Uluguru. Mto Ruvu huyateremsha hadi mtambo wa Ruvu Juu, Mlandizi wilayani Kibaha. Kutoka huko husukumwa hadi Kibamba, kisha hupandishwa vilima vya Kisarawe kwa mradi uliozinduliwa Juni 2020. Mto huohuo humwagilia mpunga na mboga, hunywesha ng'ombe, na ndio tegemeo kuu la Dar es Salaam.

Mwaka 2022 mvua za vuli zilichelewa. Uzalishaji wa maji ukashuka kutoka lita milioni 466 kwa siku hadi 300, mgawo ukatangazwa Oktoba, na wamwagiliaji wa kandokando ya mto wakaamriwa kuzima pampu. Mama lishe akanunua maji kwa madumu, fundi akaacha kufyatua matofali. Mwenye bustani, ambaye kwa maoni yangu husahaulika mno, alitazama mchicha ukinyauka hatua chache kutoka kwenye maji asiyoruhusiwa kuyagusa.

Bwawa la Kidunda, Morogoro, lililozungumzwa kwa miongo kadhaa, limesanifiwa kuhifadhi lita bilioni 190 za masika ili mto usikauke kiangazi. Ujenzi ulianza 2023.